Saa Iliyohesabu Usingizi

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Kokubanza alikuwa ameshainjika sufuria ya uji. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita, na tangu mama yake aende masomoni Mwanza, uji wa asubuhi ulikuwa kazi yake. Akimaliza kuukoroga alifagia ua, akawafungulia kuku, kisha akaingia ndani kumwamsha mdogo wake, Ainebyona. Mtoto huyo wa miaka mitano alilala kitanda kimoja na dada yake, na kila siku alikutwa amegeuka, miguu kwenye mto na kichwa kule kwenye miguu.

Kabla ya kuvaa sare ya shule, ilibaki kazi moja.

"Koku, lete mkono!" Baba Nestory aliita kutoka barazani.

Kokubanza alimnyooshea mkono wa kushoto. Kwenye kifundo kulikuwa na saa nyeusi yenye mkanda wa mpira na kioo kidogo. Baba aliisogeza simu yake karibu na saa, akasubiri, simu ikatikisika. Akasoma kwa sauti, taratibu, kama mzee wa kanisa anayesoma matangazo ya Jumapili.

"Umelala muda wa saa nane na dakika kumi na mbili. Usingizi mzito, saa mbili na nusu. Alama themanini na tisa! Umelala kama gogo, mwanangu."

Akawasha bando, na namba zile zikaenda Mwanza kwa Mama.

Kokubanza aliitazama simu. Macho yalimwasha. Usiku ule alikuwa amelala, kwa kukisia kwake, muda usiozidi saa nne.

Mama yake, Eugenia, alikuwa muuguzi wa zahanati ya kijiji, huku Ihanda wilayani Karagwe. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka tisa. Mwezi wa kumi mwaka uliopita alipata nafasi ya kusomea stashahada, masomo ya miaka miwili. Watu wa Ihanda walimpongeza kwa ndizi na maharage, na ndugu zake wa Kaisho wakaja kumuaga. Kokubanza naye alimpongeza. Alimbebea begi hadi barabarani, akampungia mkono hadi vumbi la basi lilipotulia juu ya migomba.

Baada ya hapo nyumba ilibadilika. Hakuna kilichoondolewa, lakini kila kitu kilionekana kimepungua. Nyuma ya mlango kilibaki kitenge cha Mama cha kijani. Kokubanza alikichukua, akawa anajifunika nacho. Wiki za kwanza kilinukia sabuni na dawa za zahanati, harufu ya Mama akirudi kazini jioni. Baada ya Krismasi, Mama alipokuja siku sita tu akaondoka tena, harufu ile ilirudi kidogo. Kufika mwezi wa pili kitenge kilikuwa kinanukia moshi wa jikoni, kama nguo nyingine yoyote.

Usiku ndipo alipomkumbuka zaidi. Alilala akiutazama ukuta, mikono ameibana kifuani, hajisogezi asije akamwamsha Ainebyona. Alisikia matone ya mvua yakidondoka kutoka jani hadi jani la mgomba, akamsikia Baba akikohoa chumba cha pili. Alijaribu kuikumbuka sauti ya Mama anavyoita jina lake, lote, bila kulikata: Kokubanza. Alipoipata sauti hiyo ndipo usingizi ulipopotea kabisa.

Mwezi wa tatu, mwalimu wa darasa, Mwalimu Byabato, aliandika barua kwa wazazi. Kokubanza alikuwa anasinzia darasani. Mama alipopigiwa simu alishtuka. Wiki iliyofuata, kifurushi kilifika kwa basi la Mwanza na Baba akaenda kukipokea mjini Kayanga. Ndani mlikuwa na ile saa, ambayo Mama aliipata kwa mwanafunzi mwenzake. Watu huziita saa janja, maana huhesabu hatua, mapigo ya moyo na hata usingizi. Pamoja nayo kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Koku mwanangu," Mama aliandika, "vaa hii kila ukienda kulala. Asubuhi nitaona kwenye simu yangu ulivyolala. Itakuwa kana kwamba nimekaa kando ya kitanda chako."

Kokubanza aliisoma barua ile mara tatu. Usiku wa kwanza aliivaa saa kwa furaha, akajilaza, akajua Mama anamtazama. Hata hivyo usingizi haukuja. Alilala macho wazi hadi usiku wa manane, bila kujitikisa. Asubuhi Baba akasoma: alama themanini na sita.

Jumamosi ilikuwa siku ya Mama kupiga simu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefurahi jamani! Wiki nzima umelala vizuri."

"Mama, mimi silali."

Mama alicheka kidogo. "Hulali vipi na mimi naona? Jana saa nane na robo. Juzi saa nane kamili. Unajua, Koku, naifungua hii simu kabla hata sijanawa uso. Nikiona umelala, hata masomo yananiingia."

Kokubanza alitaka kusema zaidi. Alitaka kumwambia kuhusu ukuta na matone ya mvua. Lakini sauti ya Mama ilikuwa na furaha ambayo hakuwa ameisikia kwa muda mrefu, akaona vibaya kuivunja.

"Sawa, Mama," akasema.

Alijaribu kwa baba yake. Baba alikuwa barazani akichambua maharage ya mbegu. Alimsikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Mwanangu, mashine ina sababu gani ya kusema uongo? Unalala saa nane, halafu unasinzia shuleni. Huo sasa ni uvivu."

Neno hilo lilimchoma. Hakulisema tena jambo la usingizi, kwa Baba wala kwa Mwalimu Byabato, ambaye siku hizi alimsimamisha dirishani kila kichwa chake kilipoanza kuyumba kwa usingizi.

Rafiki yake wa karibu aliitwa Uwitonze. Wazazi wake walihamia Ihanda kutoka upande wa Rwanda kabla hajazaliwa, na baba yake alikuwa kibarua kwenye mashamba ya kahawa. Nyumba yao na ya kina Kokubanza zilitenganishwa na kibanja kimoja cha migomba. Wasichana hao walikwenda shule pamoja, na Jumapili walikwenda kanisani pamoja.

Jumapili moja mwanzoni mwa mwezi wa sita, Kokubanza alisahau kuivua saa. Mahubiri yalikuwa marefu. Alikaa ameegemeza kiwiko kwenye goti, kidevu kwenye kiganja, akisikiliza bila kutikisika. Mchana Baba alipoisogeza simu akashangaa.

"Ulilala tena leo asubuhi? Hapa pameandikwa dakika arobaini na mbili, saa nne asubuhi."

"Saa nne tulikuwa kanisani, Baba."

"Basi ulisinzia kanisani!" Baba akasema kwa ukali.

Kesho yake njiani Uwitonze alipohadithiwa alicheka hadi akaketi chini kando ya barabara.

"Lakini nilikuwa nakutazama! Macho yako yalikuwa wazi kabisa. Kumbe ukitulia tu, hiyo saa inakuhesabu umelala."

Kokubanza alisimama. "Ndiyo maana! Usiku huwa sijisogezi. Naogopa kumwamsha Ainebyona."

"Angeivaa Ainebyona ingesema nini, yule anayepigana usiku kucha?" Uwitonze alijipangusa machozi ya kicheko. "Ingesema hajawahi kulala tangu azaliwe."

Waliendelea kutembea. Uwitonze alishaanza kuzungumzia mambo mengine, lakini Kokubanza hakumsikia. Sasa alikuwa na ushahidi mkononi na shahidi wa kumsemea. Angeweza kurudi jioni akamwambia baba yake: Baba, muulize Uwitonze kama nilisinzia kanisani. Wazo lililomjia, hata hivyo, lilikuwa jingine, na lilikuwa tamu zaidi. Mama akiona namba mbaya, ataamini. Akiamini, atakuja.

Usiku huo, Ainebyona alipokwisha kulala, Kokubanza aliivua saa. Akamfunga nayo mdogo wake mkononi, mkanda akaufikisha tundu la mwisho. Alfajiri akaivua, akaivaa mwenyewe.

"Hebu subiri," Baba alisema asubuhi, akakunja uso. "Saa nne na dakika tano. Umeamka mara kumi na moja. Alama arobaini na moja. Koku, una nini?"

"Niliwaambia silali," alijibu akitazama chini.

Jioni ileile Mama akapiga simu. Haikuwa Jumamosi, ilikuwa Jumanne! Kokubanza aliipokea kwa furaha.

"Mwanangu, unawaza nini usiku?"

"Nakuwaza wewe, Mama."

Mama akaanza kumsimulia mambo ya Mwanza: mawe makubwa yaliyopandana, upepo wa ziwa, na chumba anacholala na wenzake watatu. Walizungumza hadi salio likaisha. Usiku ule Kokubanza akamvalisha tena Ainebyona ile saa. Jumatano Mama akapiga simu. Alhamisi akapiga.

"Nimeanza kuuliza kama naweza kuomba ruhusa nije," Mama alisema Alhamisi. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Ila mtihani wa mwaka unaanza Jumatatu. Nikiukosa, nitaurudia mwakani. Sijui nifanyeje, Koku. Nikifungua kitabu, naona zile namba zako."

Mama alipokata simu, Baba alibaki ameishika. "Mama yako hasomi," alisema polepole. "Anakuwaza wewe tu."

Kokubanza alijiambia ataacha. Lakini Mama alikuwa amesema *nije*, na neno hilo lilikuwa kubwa kuliko mengine yote. Akamfunga Ainebyona saa kwa usiku wa nne.

Ijumaa asubuhi Ainebyona hakuamka kwa kelele kama kawaida yake. Dada yake alipomvua saa, mkono wake ulikuwa wa moto. Kokubanza alidhani ni joto la blanketi. Mtoto alikunywa uji vijiko viwili, akasukuma kikombe.

"Kichwa kinauma," alisema.

"Kunywa kidogo, utapona," Kokubanza alimjibu, maana alikuwa anachelewa. Baba alishasoma namba na kuzituma, uso wake ukiwa na wasiwasi. Kabla Kokubanza hajavaa viatu, simu ililia.

"Baba Koku!" Sauti ya Mama ilisikika hadi jikoni. "Umeona mapigo ya moyo? Usiku kucha yako juu ya mia na ishirini! Mtoto huyo anaumwa. Mpeleke zahanati sasa hivi, usingoje. Mimi nakwenda stendi."

"Na mtihani?"

"Mtihani gani, Baba Koku, mtoto akiwa hivyo!"

Baba akaitoa pikipiki. Akambeba Ainebyona ndani ya blanketi lake hadi kwa jirani, akamwachia Mama Uwitonze, akarudi mbio kumchukua Kokubanza. "Shika vizuri," alimwambia. Njia nzima Kokubanza alikuwa ameegemeza shavu kwenye mgongo wa baba yake. Mama anakuja. Jioni ya leo Mama atakuwa nyumbani. Alingoja furaha ije, lakini haikuja.

Tabibu wa zahanati aliitwa Deodatha. Alikuwa amefanya kazi na Eugenia miaka mingi, na alimfahamu Kokubanza tangu akiwa mgongoni.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Koku. Kaa hapa tukuone."

Alimpima joto: nyuzi thelathini na sita na nusu. Akamshika mkono akahesabu mapigo huku akitazama saa ya ukutani: themanini na mbili. Akamtoboa kidole, akachukua tone la damu kupima malaria, wakasubiri. Hakukuwa na malaria.

"Nestory, huyu mtoto ni mzima," Deodatha alisema. "Ana usingizi machoni, hilo naliona. Ila homa hana, wala mapigo hayo unayoniambia."

Baba alishusha pumzi ndefu. "Basi ile saa imeharibika."

"Inawezekana. Vifaa hivi hukosea. Nendeni nyumbani, mtoto apumzike."

Baba alisimama akaanza kuvaa kofia yake. Kokubanza alibaki amekaa kwenye benchi. Aliona jinsi mambo yalivyokuwa yanajipanga yenyewe. Saa imeharibika, hakuna atakayeuliza zaidi. Mama keshaenda stendi, atafika jioni. Angekaa kimya tu, angepata yote aliyoyatamani tangu mwezi wa kumi.

Kisha akakiona kile kikombe cha uji kikisukumwa. Akauhisi tena ule mkono wa moto.

"Baba," alisema. "Baba, saa haijaharibika. Usiku sikuivaa mimi. Nilimvalisha Ainebyona. Siku nne zote alikuwa anaivaa yeye. Na asubuhi hii... asubuhi hii mkono wake ulikuwa wa moto, na alisema kichwa kinamuuma."

Baba alimtazama kana kwamba hajamwelewa. Deodatha alielewa mara moja.

"Mapigo mia na ishirini, mtoto amelala? Hata kwa mtoto wa miaka mitano hayo ni mengi. Nestory, kamlete. Haraka!"

Pikipiki iliondoka na vumbi. Kokubanza aliachwa kwenye benchi, akalia bila kujificha. Deodatha alimaliza kumhudumia mama mmoja aliyekuja na kichanga, kisha akaja kuketi kando yake.

"Kwa nini ulifanya hivyo, Koku?"

Kokubanza akamwambia yote: ukuta, kitenge kilichopoteza harufu, Mama kucheka kwenye simu, Baba kusema ni uvivu, yale mahubiri marefu. Deodatha alimsikiliza hadi mwisho.

"Hiyo saa haikuoni," alisema. "Ina taa ndogo chini inayomulika damu mkononi, kwa hiyo mapigo ya moyo huyahesabu vizuri kiasi. Pia inahisi mkono unapotikisika. Usingizi wenyewe haiwezi kuupima, inaukisia tu. Mkono ukitulia na moyo ukienda taratibu, inaandika kuwa umelala. Haijui kama umepata usingizi au umelala macho wazi unamkumbuka mama yako. Hata wataalamu hawawezi kuamua kwa saa peke yake. Humuuliza mtu."

"Mimi nilisema, Daktari. Hawakuniamini."

"Hapo walikosea wao. Wewe ulikosea baadaye."

Hawakukaa sana. Baba alirudi na pikipiki, Mama Uwitonze akiwa nyuma amempakata Ainebyona. Mtoto alikuwa amefungwa kwenye khanga, midomo imekauka, macho yamelegea. "Nilimkuta amejilaza juu ya mkeka wa kuanikia kahawa, kwenye jua, anatetemeka," Mama Uwitonze alisema. "Nilikuwa najiandaa kumleta mwenyewe." Joto lake lilikuwa nyuzi thelathini na tisa na nusu. Kipimo cha damu kikaonyesha malaria.

Deodatha alimpa dawa ya kushusha homa na kidonge cha kwanza cha dawa mseto, akampangusa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. "Mmewahi," alimwambia Baba. "Mngengoja hadi kesho, tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Malaria kwa mtoto mdogo haingoji."

Baba alitoa simu mfukoni. Akabonyeza namba ya Mama, akampa Kokubanza. "Mwambie mwenyewe."

Nyuma ya sauti ya Mama zilisikika kelele za wapiga debe na honi za mabasi. Kokubanza alimwambia yote, bila kupunguza. Alipomaliza, Mama hakumgombeza. Aliuliza maswali ya muuguzi: Ainebyona anapumua vipi, ametapika, amekunywa maji? Akaomba aongee na Deodatha. Waliongea dakika chache, kisha simu ikarudi kwa Kokubanza.

"Koku, nina tiketi mkononi," Mama alisema. "Basi linaondoka sasa hivi. Daktari anasema mdogo wako atapona. Lakini nakuuliza wewe, na safari hii nitakuamini. Nipande?"

Kokubanza alimtazama Ainebyona, aliyekuwa ameanza kunywa maji kutoka kwenye kikombe cha zahanati. Alimtazama Baba.

"Nataka uje, Mama," alisema. "Nataka sana. Kila usiku nataka uje. Lakini Ainebyona ameshapewa dawa, na mtihani wako ni Jumatatu." Alivuta pumzi. "Usipande."

Kwa muda zikasikika honi tupu. Kisha Mama akasema kwa sauti ya mtu anayelia, "Asante kwa kuniambia vyote viwili, mwanangu. Kwamba unataka nije, na kwamba nisipande."

Jioni ile, Ainebyona akiwa amelala na homa imeshuka, Baba alimwita Kokubanza barazani. Kokubanza alijua anakwenda kuadhibiwa. Baba alimpa adhabu kweli: yeye ndiye angesimamia dawa za mdogo wake kwa saa zake hadi zitakapokwisha, na Jumatatu angekwenda mwenyewe kumweleza Mwalimu Byabato ukweli wote. Baada ya hapo Baba aliyakuna magoti yake.

"Na mimi nilikosa," alisema. "Uliniambia hulali, nikakuita mvivu. Niliiamini saa, wewe nikakuacha. Mtoto wangu niko naye nyumba moja, nikashindwa kumuuliza vizuri."

Tangu siku hiyo Baba alibadili utaratibu. Baada ya chakula cha usiku aliketi kwenye kiti kando ya kitanda cha watoto hadi walipolala, na mara nyingine yeye ndiye aliyesinzia kwanza. Mama alirekodi ujumbe wa sauti kila jioni baada ya mtihani, dakika mbili au tatu, na kila ujumbe aliuanza kwa kuita jina zima: Kokubanza. Ainebyona akahamishiwa godoro la peke yake.

Deodatha naye alimpa Kokubanza daftari dogo. Kila asubuhi, kabla ya kutazama saa, aandike alivyolala. Ndipo alinganishe na saa. Katika siku saba, daftari na saa vilipatana siku tatu tu. Siku moja saa ilisema saa nane, daftari likasema: "Nililala kuchelewa. Nilimkumbuka Mama, nikalia kidogo, kisha nikalala." Mwalimu Byabato aliposomewa daftari lile hakumsimamisha tena dirishani. Alimruhusu akanawe uso kila macho yalipokuwa mazito. Siku zikapita, na siku za macho mazito zikapungua, ingawa hazikwisha zote.

Mama alikuja mwanzoni mwa mwezi wa saba. Alikuwa amefanya mitihani yake yote, na alipewa likizo ya wiki tatu. Ainebyona alimkimbilia na kumng'ang'ania mguu. Kokubanza alisimama hatua chache nyuma, ghafla akaona haya, hadi Mama alipomvuta na kumkumbatia kwa nguvu.

Usiku, wadogo na wakubwa waliposhiba, Mama aliketi kitandani kwa Kokubanza.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilikuandikia kuwa saa itakuwa kana kwamba nimekaa hapa. Ilinidanganya kwa sababu nilitaka kudanganyika. Namba nzuri zilinipa amani, nikaacha kukusikiliza. Kwa Kinyambo, lugha yetu, mtu akiamka tunamuuliza amelalaje. Tunamuuliza yeye, tunangoja ajibu. Mimi, muuguzi mzima, nilisahau kuuliza."

"Na mimi nisamehe, Mama. Ainebyona angeweza kufa."

"Angeweza," Mama alisema, hakumficha. "Ulikuwa na ukweli wako, Koku, ukaona haupokelewi. Ukaufunika kwa uongo ili uonekane. Usifanye hivyo tena. Ukweli ukipuuzwa, useme mara ya pili, na ya tatu. Mimi nisiposikia, mwambie Baba. Baba asiposikia, mwambie mwalimu, mwambie Daktari Deodatha. Yupo mtu atakayesikia. Uongo hata ukikuletea unachokitaka, hujui utamuumiza nani njiani."

Kokubanza aliitikia kwa kichwa. Mama alimfunika, akabaki pale, mkono wake ukiwa juu ya mgongo wa binti yake. Hakuna aliyevaa saa. Nje mvua haikunyesha, na kama migomba ilivuma, Kokubanza hakuisikia.

Alipofumbua macho kulikuwa kumekucha kabisa. Moshi wa jikoni ulikuwa umeshapanda, na uji ulikuwa umepikwa na mtu mwingine. Mama aliingia na kikombe, akaketi palepale alipokuwa usiku.

"Kokubanza, umelalaje?"

Kokubanza alijinyoosha, akafikiri kwanza ili ajibu sawasawa.

"Nimelala vizuri, Mama," alisema, akaushika mkono wake. "Ila nimeshaanza kukukumbuka."